Dungu la Sinema

(Hotuba iliyotolewa hapa Kibiti katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Katibu wetu aliponipigia simu kuniomba nizungumze, aliniagiza nichague jambo lenye manufaa. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kuzungumza juu ya korosho, juu ya nyuki na juu ya kodi. Nilimwambia kuwa mimi nitazungumza juu ya chumba cha sinema nilichokitengeneza darini kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama dari hiyo ndiyo ile iliyotaka kumwangukia mke wangu. Nikamjibu kuwa ndiyo hiyo hiyo. Akasema, "Basi njoo uwaeleze ukweli wote." Kwa hiyo nimekuja kueleza ukweli wote.

Kwanza nianze na ninyi vijana. Sisi tulipokuwa shuleni, miaka ya mwanzo ya themanini, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikwisha anza mwaka 1973, tena televisheni ya rangi, lakini huku Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Kwetu sisi picha zilikuja kwa gari la sinema. Gari lilifika jioni, jenereta likaanza kunguruma, na kitambaa cheupe kikafungwa katikati ya nguzo mbili uwanjani. Aliyewahi alikaa mbele. Aliyechelewa alikaa nyuma ya kitambaa, akaona picha zote zimegeuka, watu wanaandika kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa mchelewaji, na kwa muda mrefu niliamini kuwa waigizaji wote ni wa mashoto.

Nilitoka utotoni nikiwa na hamu ya kukaa mbele ya kitambaa, lakini hamu peke yake haikunijengea chumba. Kilichonisukuma ni mwaka 2017. Waliokuwa wanaishi huku wanaukumbuka. Wilaya zetu za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi cha mauaji na hofu. Pikipiki zilikatazwa kutembea usiku. Jua likizama, kila mzazi alihesabu watoto wake. Wanangu na watoto wa ndugu zangu walizoea kwenda banda la video kuangalia mpira na filamu, na sasa walikaa barazani wakitazama giza. Siwalaumu. Kijana wa miaka kumi na sita ukimwambia "kaa ndani", lazima uwe na jibu atakapouliza, "Nikae ndani nifanye nini?" Mimi sikuwa nalo. Ndipo nilipoinua macho, nikaitazama dari.

Nyumba yangu niliirithi kwa marehemu baba. Baba alikuwa mkulima wa mpunga, na dari aliitengeneza iwe ghala. Sakafu yake ni mbao zilizopigiliwa juu ya boriti za mikoko kutoka delta. Boriti hizo zina habari ndefu. Majahazi yalizichukua katika delta yetu ya Rufiji yakazipeleka Arabuni na Ghuba, mahali ambapo miti ya kujengea ni haba. Katika nyumba za zamani za mawe za mwambao huu, kama Lamu na Zanzibar, mtaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake karibu meta 2.5 hadi 3. Wajenzi hawakukosea vipimo. Boriti ya mkoko ilifika hapo tu, na chumba kikaufuata mti. Lakini ninyi vijana msije mkasema nimewatuma mkakate mikoko. Siku hizi inalindwa na sheria na haikatwi bila kibali. Boriti zangu ni za baba, nazo ni kongwe kuliko mimi.

Dari yenyewe ina urefu wa meta 6 na upana wa meta 3. Upande wa kushoto kuna ukuta wima wenye kimo cha meta 2.4. Kutoka hapo paa linateremka mpaka upande wa kulia, ambako kimo kinabaki sentimeta 60 tu. Ukisimama mlangoni unaona umbo la tanga la jahazi. Tena mwisho wa chumba ni mwembamba kuliko mwanzo, kwa sababu mpaka wa kiwanja umekwenda upande na baba aliufuata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukipinga chumba hicho. Nilitaka kiwe kama jumba la sinema la mjini, picha juu na viti chini. Nilinunua projekta ya mtumba kule Kariakoo kabla sijapima hata ukuta mmoja. Nikaiweka pembeni, kwa kuwa katikati palikuwa na vichwa vya watu. Picha ikatoka imepinda, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi. Nikabonyeza kile kitufe cha kunyoosha picha, ikanyooka, lakini ikafifia na kupoteza ukali wake, maana mashine hunyoosha kwa kuikatakata ile picha. Saa moja haikupita mashine ikajizima yenyewe kwa joto. Mjue kuwa dari iliyo chini ya bati hupika hewa mchana kutwa, na hewa hiyo haipoi kwa sababu tu jua limetua.

Aliyeniokoa ni binti yangu, wakati ule akiwa Kidato cha Pili. Alichukua karatasi ya miraba akachora chumba, sentimeta moja kwa kila sentimeta ishirini. Akaniuliza, "Baba, ukitaka picha ya upana wa meta 1.6, kimo chake kitakuwa sentimeta 90. Sasa paa litakuruhusu uiweke wapi?" Tulihesabu kwa pembetatu zinazofanana, somo ambalo mimi nililichukia hapa hapa shuleni. Paa linateremka sentimeta 60 kwa kila meta moja. Picha ikianza sentimeta 30 kutoka ukuta wa kushoto, ukingo wake wa kulia utakuwa meta 1.9, na hapo kimo cha paa ni meta 1.26. Kwa hiyo picha haiwezi kupita hapo. Lazima ikae chini, ianzie sentimeta 30 kutoka sakafuni na iishie meta 1.2.

Nilisikitika, nikasema picha ya chini namna hiyo itaonwa na nani? Mke wangu akajibu bila kuinua kichwa, "Itaonwa na waliokaa mkekani." Na kweli, paa lenyewe lilikuwa linatuambia tukae chini kama tunavyokaa siku zote. Viti nilivyokuwa nimeazima nikavirudisha. Tukatandika mikeka, na nyuma yake magodoro na mito ya sufi, ili waliokaa nyuma wainuke kidogo. Sehemu ya kulia, ambayo mtu mzima hawezi kusimama, wakapewa watoto wadogo.

Nitaeleza sasa yale yanayoweza kumfaa mwenye chumba chochote kilichopinda, hata kama hakina mikoko.

Kuhusu picha: mtazamaji akae mbali na ukuta mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa picha. Kwa picha yangu ya meta 1.6, ni kati ya meta 2.4 na 3.2. Projekta nayo ina kipimo chake. Yangu inataka meta moja na nusu ya umbali kwa kila meta ya upana, yaani meta 2.4. Niliiweka kwenye kibao kilichoning'inizwa paani, imepinduliwa juu chini, imetazamana na katikati ya picha, juu ya vichwa vya watu. Ndani ya mashine kuna mpango wa kuigeuza picha, kwa hiyo waigizaji wangu si wa mashoto. Kitambaa maalumu sikununua. Niliusawazisha ukuta kwa msasa nikaupaka rangi nyeupe isiyong'aa. Kuzunguka picha nilitundika kaniki. Msicheke! Mwanga unaoruka kutoka kwenye picha hugonga kuta na paa, kisha hurudi ukaifubaza picha ile ile. Kaniki huumeza. Hakuna kitu nilichonunua kwa fedha kidogo kikaleta faida kubwa kama kaniki.

Kuhusu sauti: hapa ubaya wa chumba uligeuka kuwa uzuri. Katika chumba cha pembe nne chenye kuta tupu, sauti hurushwa kutoka ukuta hadi ukuta, na maneno yakaingiliana. Katika chumba changu paa la mshazari huitupa sauti kwenye mikeka na mito, nayo hufia huko. Mkeka mwembamba humeza sauti nyembamba tu. Ule mngurumo mzito unataka kitu kinene, kama godoro au mto wa sufi, na hupenda kujikusanya pembeni. Kwa hiyo msiweke spika pembeni mwa chumba mkidhani mmepata nguvu, maana mtapata ngurumo na kupoteza maneno. Ziwekeni karibu na picha, kwa kimo cha masikio. Maneno ndiyo muhimu kwetu. Filamu nyingi tunazoziangalia zina sauti ya mtafsiri juu yake, katika njia waliyoifungua watu kama Lufufu, na mtafsiri asiposikika vizuri mnabaki na vita visivyo na sababu.

Kuhusu joto: nilitoboa matundu ya hewa juu katika upande mrefu na mengine chini katika upande mfupi. Hewa ya moto hupanda ikatoka, ya baridi ikaingia chini. Chini ya bati nikapigilia mbao nyembamba nikiacha nafasi katikati. Nafasi hiyo mwanzoni niliijaza maganda ya mpunga ili kuzuia joto na makelele ya mvua. Ilikuwa fikra nzuri kwa wiki mbili. Baadaye walikuja panya kufuata chenga, na baada ya panya akaja nyoka kufuata panya. Niliyatoa maganda yote. Mvua ikinyesha sana tunazima na kusubiri.

Kuhusu umeme: projekta yangu ni ya taa ya zamani, inakula wati 200, na spika wati 30. Kwa filamu ya saa mbili ni wati-saa 460. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi ni vizuri kutumia nusu tu, yaani 600. Hata ukitoa kinachopotea katika kugeuza umeme, filamu moja inakwisha salama. Betri ni muhimu kwa jambo jingine pia. Umeme ukikatika ghafla, feni ya mashine husimama na taa ikajichoma kwa joto lake yenyewe. Taa yangu ya kwanza ilikufa hivyo, na mpya ilikaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Ukinunua ya mtumba, muombe muuzaji akuonyeshe saa ambazo taa imekwisha tumika. Na leo ziko za taa za LED zinazokula umeme kidogo na kudumu zaidi.

Kuhusu fedha: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari langu linasema hivi: projekta shilingi 320,000, spika na kikuza sauti 110,000, mbao na misumari 95,000, nyaya, swichi na fyuzi 45,000, rangi na kaniki 40,000. Jumla shilingi 610,000. Betri nilikuwa nayo, mikeka ilisukwa nyumbani. Jirani mmoja alinishauri nitoze kiingilio. Nilikataa. Kuonyesha picha kwa malipo kuna sheria na vibali vyake, na mimi nilitaka watoto wa nyumbani, sikutaka biashara.

Sasa nifike kwenye ule ukweli aliouagiza Katibu.

Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars ilicheza na Uganda Dar es Salaam. Tulikuwa hatujafika fainali za Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980. Watoto wa nyumbani walikuja na rafiki zao, na rafiki nao wakaja na zao. Nilihesabu watu ishirini na wawili darini, nikafurahi, nikasema baba aliweka humu magunia ishirini ya mpunga, kila moja kilo 75. Hiyo ni kilo 1,500, na hawa vijana hata kilo 1,200 hawafiki. Nikatulia. Simon Msuva alipofunga bao la kwanza, wote ishirini na wawili waliruka kwa pamoja.

Mlio niliousikia sikuwahi kuusikia tena, na ninaomba nisiusikie. Ulikuwa kama mtu amevunja muwa, ila muwa mnene. Chini, mke wangu alikuwa amebeba sinia ya chai. Vumbi la miaka arobaini lilimwagikia vikombe. Nikapaza sauti, "Kila mtu akae alipo!" Wakakaa. Kisha nikawatoa mmoja mmoja, wakipita kandokando ya ukuta. Bao la pili na la tatu tuliyasikia kwa redio, chini ya mwembe. Watu walishangilia sana, lakini mimi mikono ilikuwa inatetemeka.

Fundi alipokuja kesho yake alikuta boriti moja ya katikati ina ufa. Akaniuliza baba alikuwa anaweka magunia wapi. Nikamwambia, pembeni, kufuata ukuta. Akasema, "Na wewe watu umewaweka wapi?" Ndugu zangu, nilikuwa nimeyahesabu magunia ya baba lakini sikuyatazama yalipokaa. Mzigo ulio karibu na ukuta hubebwa na ukuta. Mzigo ule ule ukiwa katikati huivuta boriti chini kwa nguvu zaidi. Tena gunia halirukiruki, na mtu anayeruka hutua kwa uzito mkubwa kuliko wa mwili wake. Baba hakunifundisha kwa maneno. Alinifundisha kila mwaka kwa namna alivyopanga magunia, nami nilimsaidia kuyapanga bila kuuliza sababu. Siku ile ningeweza kuwazika watoto wa watu kwa kosa hilo, na mama wa wanangu pamoja nao. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi.

Boriti tuliibadilisha, na nguzo ikasimamishwa katikati ya sebule kuishikilia dari. Mke wangu aliichukia nguzo hiyo mwezi mzima, kisha akatundika saa juu yake. Mlangoni mwa dari nimeandika kwa rangi nyekundu: WATU 12, NA HAKUNA KURUKA. Vijana, mkitengeneza chochote juu ya vichwa vya watu, anzeni na sakafu. Picha na sauti vitafuata.

Nimalizie na jambo moja. Aprili 2024 mto ulifurika, Rufiji na Kibiti. Mashamba ya mpunga yalizama na nyumba nyingi zikaondoka. Shangazi yangu alikuja kwangu kutoka bondeni na wajukuu watano, na mfuko mmoja wa nguo. Vyumba vya chini vilikwisha jaa wageni. Nilipanda darini baada ya alasiri, na kabla ya magharibi sinema haikuwapo. Kaniki zikawa mapazia, mikeka na magodoro yakawa vitanda, mashine ikaingia katika boksi lake. Kama ningekuwa na viti vya kupigiliwa na zulia la bei kubwa, labda ningesitasita, na aibu ingenishika. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa rahisi, hakuna kilichonishika mkono.

Usiku ule shangazi alilala chali akitazama paa likiteremka upande mmoja. Akaniambia, "Baba, hili ni dungu." Ninyi wa mjini labda hamjui. Dungu ni kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu wetu hukaa wakati wa mpunga kulinda shamba, ndege mchana na nguruwe usiku. Shangazi aliwalea wanawe ndani ya madungu. Akasema, "Ulijenga dungu la kulinda watoto. Basi hata sisi umetulinda."

Walikaa miezi minne. Wiki ya tatu mjukuu wake mdogo aliuliza kwa nini ukutani kuna mraba mweupe. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jioni tulikunja magodoro, tukatundika kaniki, tukawasha. Shangazi alikaa karibu na spika, upande wa ukuta mrefu, kwa sababu masikio yake yamechoka. Alisikia kila neno, na filamu ilipokwisha alitusimulia upya, vizuri kuliko mtafsiri.

Wageni walirudi bondeni, sinema ikarudi mahali pake. Mlangoni, chini ya maandishi yangu mekundu, watoto wamekwisha ongeza kwa chaki: DUNGU LA SINEMA. Sikuyafuta.

Mnakaribishwa nyote, wa zamani na wa sasa. Ila mje kumi na wawili kwa zamu, mkae kandokando ya ukuta, na Taifa Stars ikifunga, mshangilie kwa mikono.